Mistari Miwili ya Ramazani

Nairobi, Jumapili mchana

Kwa Baba yangu Mwalimu Asumani, Wamaza, pamoja na Mama. Na kwako shemeji Zaina, ambaye najua ndiye umeishika karatasi hii na unawasomea.

Pokeeni salamu zangu, wakubwa kwanza. Baba, macho yanasemaje? Lile wingu limekwisha kulifunika na jicho la kushoto, au bado unaona mwanga wa mlango asubuhi? Mama, goti limekuachia, au bado unashuka kwenda shamba la muhogo kwa kushikilia majani ya njiani? Zaina, mtoto ameanza kutembea? Nauliza mengi huku nikijua majibu hayatanifikia. Tangu antena ya hapo ife, kila nikipiga simu naambiwa na sauti ya mwanamke mmoja, mpole kupita kiasi, kwamba ninyi hampatikani. Nauliza kwa sababu ndiyo adabu, na pia kwa sababu yanayofuata yananitisha, nami nayasogeza mbele kidogo kidogo.

Mwili wangu ni mzima. Baridi ya hapa mwezi huu inaingia hadi kwenye meno. Navaa lile koti ambalo Mama alisema ni la mzee, na sasa nakubali ni la mzee, ila mzee huyo hasikii baridi. Nimepungua kidogo. Msijali hilo.

Barua hii inaletwa na Papa Selemani, yule muuza vitenge wa Kabambare. Atapita Uvira, Baraka na Lulimba, ataingia Salamabila, na kutoka hapo ataomba pikipiki. Nimemwambia asiitie mfukoni. Ameifunga ndani ya nailoni mbili na kuiweka katikati ya vitenge vyake, akanicheka, akasema hata dhahabu haisafiri hivyo. Sikumwambia kwa nini.

Zaina, kabla hujaendelea, nina ombi. Mambo yaliyo humu yanamhusu mume wako, mdogo wangu Ramazani. Nilifikiri niandike juu ya bahasha kwamba asome mtu mwingine, labda mwalimu wa darasa la sita, wewe ukae chini na kusikiliza. Nikaona hapana. Nimekudhulumu vya kutosha, sitaki tena uyapate mambo yako kwa kinywa cha mtu mwingine. Soma kwa sauti, Baba na Mama wasikie. Usiruke. Ukishindwa, weka karatasi chini, kunywa maji, kisha rudi.

Kazi yangu mnaijua kwa jina tu. Zamani za simu, nilipowaambia kwamba nafundisha kompyuta kusoma mwandiko wa mkono, Baba ulicheka sana, ukasema, "Kumbe na wewe uko mwalimu! Na ule mwanafunzi yako, anasikiaka?" Nikajibu anasikia kuliko wote uliowahi kuwafundisha. Ulipenda jibu hilo, nami nikajiona mtu.

Leo inabidi nieleze vizuri, maana bila hivyo hamtaelewa kosa langu liko wapi. Ndani ya ile kompyuta hawaweki kanuni za herufi kama ulizokuwa ukituandikia ubaoni. Wanaweka kitu wanachokiita mtandao wa neva, kwa kuiga neva za kichwani mwa mtu. Si neva za nyama, ni tarakimu tupu, nyingi mno, zimeunganishwa hii na ile. Unauonyesha picha ya maneno yaliyoandikwa kwa mkono. Wenyewe unakisia yanasema nini. Unakosea. Unauambia jibu, nao unajirekebisha kidogo sana, kiasi cha ukucha. Kisha picha nyingine. Ni kazi ya asubuhi hadi jioni, ya kutoa macho, na mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaochapa majibu. Baada ya miezi ukaanza kupatia. Ukasoma hata mwandiko wa daktari mmoja ambao sisi wenyewe tuliushindwa, tukapiga makofi kama watu walioona mtoto akisimama.

Mwanzoni lakini hapakuwa na kurasa za Kiswahili za kutosha. Wenye kazi wakatupa karatasi na biki, wakasema, andikeni chochote, jazeni, kama vile mnawaandikia watu wa kwenu. Wenzangu waliandika mapishi, hadithi za sungura, majina ya stendi. Mimi niliwaandikia ninyi. Baba, unakumbuka nilivyoondoka. Hatukuagana. Ulisema nisiende, nikatoka alfajiri ukiwa msikitini, na tangu Uvira nilikuwa na maneno yamenikaa kooni. Basi wiki zangu za kwanza kazini nikayamwaga yote kwenye zile kurasa, siku baada ya siku, barua ambazo hazikuwa na safari. Mashine ikazila zote.

Na mwandiko wangu mnaujua. Ni ule ulioutia wewe Baba mkononi mwetu kwa rula: herufi zimelala kulia kidogo, mikia mirefu, nafasi ya kidole kati ya neno na neno. Ramazani aliandika hivyo hivyo. Ulikuwa ukituita mbele ya darasa na daftari mbili mkononi, ukiuliza ipi ya nani, hata wewe mwenyewe uliyetufundisha ukishindwa kujua. Ramazani alikuwa akidai iliyo na alama kubwa.

Sasa nirudi kwenye siku zile za msiba. Naziandika ijapokuwa mlikuwepo ninyi na mimi sikuwepo, kwa sababu nataka mjue nilichokijua na nisichokijua.

Habari ilifika kwamba shimo moja la Salamabila, ambako Ramazani alikwenda kuchimba dhahabu, limeporomoka, na walioshuka asubuhi hawakupanda. Mmoja akasema alimwona Ramazani akishika kamba kushuka. Mwingine akasema hapana, alimwona juzi yake akielekea chimbo jingine. Maiti haikupatikana, wala yake wala ya wenzake. Mkangoja, mkaona hakuna wa kungojwa, mkatandika mikeka uani na kuwasha moto wa matanga. Siku ya tatu, watu wangali wamekaa, akaingia mwendesha pikipiki na karatasi. Alipewa na Ramazani kwa mkono wake. Lini? Hakukumbuka. Alianguka nayo kivukoni kwenye mto Luama, pikipiki ikamlalia, akakaa na mguu uliovimba kwa watu wa huko, siku ngapi hajui. Karatasi ilikuwa imelowa mfukoni na kukauka na kulowa tena.

Mistari ya juu, Zaina, uliisoma mwenyewe mbele ya watu wote. Salamu kwa Baba na Mama. Akakuuliza tumbo linaendeleaje. Akasema shimo lao sasa ni refu, wanashuka na tochi kichwani, na kwamba chakula ni ghali lakini anakula. Kisha wino ukawa maji. Chini palibaki rangi ya bluu tu. Karatasi ikazunguka mikononi mwa watu, wakaipandisha kwenye jua, wakaigeuza. Kila mtu alikuwa na swali moja: aliiandika kabla shimo halijaanguka, au baada?

Ndipo mtu mmoja akasema, na Sadiki je, si ana mashine ya kusoma? Mwenye duka la betri akaipiga picha na kupanda nayo kilimani kutafuta mtandao. Ikanifikia.

Niliiingiza mashineni wakati wenzangu wamekwenda kula. Mistari ya juu ikatoka safi, neno kwa neno kama Zaina alivyonisomea kwenye simu, na hapo nikaiamini. Ikafika chini, kwenye ile bluu. Ikakaa kidogo. Kisha ikaandika:

Msilie. Niko mzima. Nitarudi mpunga ukikomaa.

Nilipiga kelele peke yangu ndani ya chumba. Mtu anayesema msilie ni mtu anayejua kwamba watu wanalia. Kwa hiyo aliandika baada ya shimo kuanguka. Kwa hiyo yu hai. Nikapiga simu, na mnakumbuka nilivyolia nikishindwa kusema, mpaka Mama akadhani nimeletewa msiba mwingine.

Nakumbuka alivyosema kila mmoja wenu. Mama ulisema, "Nilijua! Nilijua! Tumbo yangu ilikuwa inakatala toka siku ya kwanza!" Nikawasikia wanawake wakipiga vigelegele uani. Shangazi Mwajuma peke yake alikuwa anagomba, sauti yake ikaja hadi kwenye simu: "Matanga hii munaikata katikati, nani alishaonaka vile? Mungoje kwanza!" Hakuna aliyemsikiliza. Mama ulichota maji ukamwaga kwenye moto, nikausikia moto ukilia shii.

Zaina ulichukua simu. Uliniuliza polepole, "Shemeki, ile mashine inaweza kuongopa?" Nikakujibu kwamba mashine haina sababu ya kuongopa. Nilisema hivyo. Nimelirudia jibu hilo kila siku tangu mwezi uliopita, na kila siku linanichoma upya.

Na Baba, wewe ulikuja mwisho. Ulikuwa umetoka mbali na kelele, nilisikia umesimama penye kuku. Ulisema, "Sadiki, mutoto yangu, sikia. Miye sioni, lakini nilipitisha kidole mu karatasi. Biki inaachaka mufereji. Kule chini iko mistari mbili tu, tena mifupi. Ile maneno yako yote inaenea wapi?"

Nilikujibu nini? Nilikujibu, "Papa, hii mashine ilishasoma mwandiko ya watu wengi kupita wote ulifundisha mu maisha yako. Acha kidole." Kisha ukasema, "Sawa. Mama yako anacheka. Sawa." Ukakata simu, wala hukulitaja tena jambo hilo hata siku moja.

Tangu hapo mpunga umekomaa mara mbili. Kabla antena haijafa nilikuwa nikisikia habari za kungoja kwenu, nami nikizifurahia, nikiwatia moyo, nikisema barabara mbaya, nikisema labda amelazimishwa kazi na watu wenye silaha, labda amevuka kwenda upande wa ziwa. Nilikuwa fundi wa labda. Mama ulikuwa ukimwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo wako kila jioni na kufunika kwa sahani ya maua. Zaina ulijifungua msichana, na mkasema jina atampa baba yake akirudi, mkawa mnamwita Kadogo tu. Ndugu zako walikuja kutoka Kabambare kukuchukua, ukawafukuza. Ulisema wewe si mjane, una mume mwenye barua. Nilisifu sana ushujaa huo. Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita ile kazi ya Kiswahili ilifungwa. Wenye nayo walisema wamepata kiasi walichotaka. Tukaambiwa tupange zile karatasi za zamani kwenye maboksi kabla hazijapelekwa kuchanwa. Nilikuwa nafungua mafungu bila kuangalia, nimechoka, mpaka nikaona mwandiko ambao kwa nukta moja niliapa ni wa Ramazani. Kumbe ni wangu. Ukurasa wa wiki zangu za kwanza. Nikasoma:

Mpendwa Baba, mpendwa Mama. Nimefika Nairobi. Msilie. Niko mzima. Nitarudi mpunga ukikomaa.

Nilikaa sakafuni. Nikafungua ukurasa mwingine, maneno yale yamo. Mwingine, yamo. Nilikuwa nimefunga hivyo karibu kila barua, kwa sababu ndiyo maneno niliyotamani kuwa nimeyasema pale mlangoni, nami nilikuwa nayarudia rudia bila kujijua.

Mtaniuliza, Sadiki, hukuyatambua maneno yako mwenyewe siku ile? Nimejiuliza sana. Ni maneno ambayo mtu yeyote wa kwetu angeyaandika. Na nilitaka mno yawe ya Ramazani. Labda kuna mahali ndani yangu nilijua, nikajitia hamnazo. Siwezi kuapa kwamba sikujua.

Nilikwenda kwa Njeri, dada mhandisi anayeisimamia ile mashine. Ni mtu mwema, mcheshi, ananiita Mkongo wangu. Nikamweleza yote, naye kwa mara ya kwanza hakucheka. Akaniambia, "Sadiki, nani alikuambia inasoma? Inakisia tu. Ikiona wino umepotea, inaweka kile imezoea kuona hapo. Na kama ndugu yako anaandika kama wewe, basi kwa hii mashine nyinyi wawili ni mtu mmoja."

Nikamwambia labda safari ile ilisoma kweli, labda na Ramazani aliandika maneno hayo hayo, sisi ni ndugu. Hakubishana. Akanipa karatasi na biki. Akasema, andika salamu juu, kama za ndugu yako. Nikaandika. Akasema, sasa chini chorachora tu, usiandike kitu. Nikachorachora mistari miwili isiyo na maana. Akachukua kikombe chake cha chai, akakimimina hapo chini na kupangusa kwa kiganja mpaka ikawa bluu tupu. Tukapiga picha. Tukaingiza.

Ikasoma salamu zangu sawasawa. Ikafika kwenye ile chai. Ikakaa kidogo.

Msilie. Niko mzima. Nitarudi mpunga ukikomaa.

Njeri alinishika bega. Mimi nilikuwa naangalia kile kikombe. Hakuna kitu kilichoandikwa pale, Baba. Niliandika mimi mwenyewe, najua hakuna kitu. Nayo ikasema nitarudi.

Nikamwomba anitolee kurasa zangu humo ndani, zote, isibaki hata moja. Akasema haiwezekani. Zimeshayeyuka kwenye zile tarakimu zote, huwezi kuzitoa, ni sawa na kutaka kutoa chumvi kwenye sombe iliyokwisha kuiva. Na nakala ya mashine imeshachukuliwa, inatumika kwingine, sijui wapi. Nikiwaza hilo nakosa usingizi. Kuna nyumba nyingine, sijui ya nani, wamepiga picha karatasi iliyolowa ya mtoto wao, na mashine inawaambia kwa maneno yangu kwamba atarudi.

Zaina, kama umefika hapa bila kuweka karatasi chini, wewe ni mwanamke imara kuliko nilivyojua. Sasa nasema waziwazi, ili asiwepo wa kusema sikusema.

Ramazani hakuandika kwamba ni mzima. Hakuandika msilie. Hakuandika kwamba atarudi. Aliandika zile salamu, akakuuliza habari za tumbo, akataja shimo refu, kisha akaongeza mistari miwili mifupi ambayo hakuna mtu, wala mashine, atakayeijua. Mtu anayesimulia shimo lake namna ile, kwa utulivu, ni mtu ambaye shimo lake bado limesimama. Aliandika kabla. Tangu hapo hakuna aliyemwona, mpunga mara mbili, na Salamabila si mbali kiasi cha mtu mzima kushindwa kufika kwao. Mdogo wangu amekufa. Alikufa siku ile ile mliyoambiwa, mkalia, mkalia sawasawa, nami nikawanyamazisha.

Mlikuwa na haki ya kulia, nikaikata katikati. Hili ndilo linaloniuma hata kupita kifo chenyewe. Kifo si mimi niliyekileta. Lakini ile miaka ya sahani iliyofunikwa, ni mimi. Mama, sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Ulicheka kwa sababu yangu, na sasa nakuletea kilio kilichokwisha kupoa, na najua kilio kilichopoa ni kigumu kukilia, watu hawaji wengi, majirani wanauliza mnamlilia nani tena.

Kuna jambo jingine baya na nalisema. Najua hata baada ya haya kuna mmoja wenu atasema, lakini maiti hatukuiona. Ni kweli. Mimi mwenyewe juzi nilimfuata kijana mmoja barabarani hapa kwa sababu ya mabega yake. Nawasihi, msinifuate huko. Mimi nimezoea, hapa hakuna anayeniangalia. Ninyi mna nyumba ya kuendesha.

Basi haya ndiyo ninayoomba. Baba, uwaite watu, mtandike mikeka tena. Anzeni upya, siku zote, kama vile mwendesha pikipiki hakuwahi kufika. Shangazi Mwajuma ndiye awashe moto, maana yeye peke yake alikuwa na akili siku ile, na mwambieni nimekiri hivyo. Atafurahi, halafu atanitukana, na yote mawili ni haki yake. Sheikh awasomee hitima na ile sala ya maiti asiyekuwepo. Kama Shangazi atataka pawe na kitu cha kuzika, lile shati la kijani la Ramazani linatosha, na kama Zaina atakubali, na ile karatasi iingie humo. Isipigwe picha tena. Mtu yeyote asiipeleke popote isomwe.

Lakini kabla ya hapo, Baba, naomba kitu nisichostahili. Uipitishe kidole mara moja tena. Si kwa ajili ya kujua. Ramazani alikandamiza biki pale, na mkono ule uliufundisha wewe. Mimi nilikuambia uache kidole. Nimekukosea adabu mbele ya mtoto wako aliyekufa. Kidole chako kilisema mistari miwili, na ilikuwa miwili.

Zaina, kaa eda yako. Ukiimaliza, ndugu zako wakija kutoka Kabambare usiwafukuze. Nenda, au baki, kama moyo wako utakavyo, na asitokee mtu wa ukoo wetu kukwambia neno. Ukitaka kunilaani, nilaani, nitapokea. Na yule mtoto apewe jina. Mpe wewe. Usimngoje mwanaume yeyote wa nyumba hii kwa jambo hilo.

Mnisalimie Shangazi Mwajuma, dada wa Baba, na mume wake mwenye kifua. Mnisalimie Kaka Idi, mtoto wa mama mkubwa, pamoja na mke wake wa Wamaza na yule wa Kabambare, kila mmoja kivyake wasije wakagombana. Mnisalimie mwenye duka la betri, na mwambieni hana kosa, alipanda kilima kwa nia njema. Na yule mwendesha pikipiki, kama mguu umepona, mwambieni naye hana kosa. Aliibeba barua kwa uaminifu, mimi ndiye niliyeiharibu.

Ninyi mtakapokuwa mmekaa uani, mimi nitakuwa kwenye chumba changu hapa. Nimeshanunua mkeka. Jirani zangu hawajui ni wa nini.

Baba, ulitufundisha kufunga barua kwa ahadi, ili msomaji abaki na kitu mkononi. Nimekaa na biki hii tangu sala ya adhuhuri nikitafuta ahadi ya kuwapa. Njia ya Fizi mnaijua ilivyojaa watu wenye silaha. Hati za kusafiria sina. Kazi imekwisha. Yale maneno niliyowaandikia wiki zangu za kwanza, na ambayo hayakuwahi kuwafikia kwa jina langu, yalikuwa ya kweli siku ile, niliyaamini. Leo mkono umeyazoea, unataka kuyaandika wenyewe hapa chini, nami nauzuia.

Mimi mtoto wenu,
Sadiki